Shimo la futi 60 lililochimbwa kama kisima

Mzozo ulinifikia ukiwa umeshapamba moto. Chama cha watu 14 wa Kisauni, wauza samaki, mafundi, dereva mmoja wa matatu na mwalimu mstaafu, kilikuwa kimechanga pesa kwa miezi 9 kugharimia shimo la madini ya vito huko Taita. Shimo lilianza vizuri. Vijiwe vya kijani vilitoka, vikafungwa kwa karatasi, vikaletwa Mombasa. Kisha vikakatika ghafla, na pesa zikaendelea kwenda. Mwenyekiti alikuwa ameshahukumu: msimamizi wa shimo, Mtaita wa makamo, anawaibia. Wanachama wawili walisema mlima una wenyewe na wenyewe hawakupewa haki yao. Mweka hazina peke yake ndiye aliyetaka mtu aliyesomea mawe aende akatazame, na kwa kuwa ni jirani ya mama yangu, mtu huyo nikawa mimi.

"Mwanangu, mimi sitaki maneno," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Nataka kujua lile shimo lina kitu au halina. Na kama kuna mtu amekula, tujue."

Hayo ni maswali mawili, na moja linajibika kwa urahisi kuliko jingine. Nimeandika kisa hiki kwa ruhusa yao, bila jina la mtu.

Nilianza na vijiwe vyenyewe. Vilikuwa 11, ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda cha mweka hazina. Tulivipeleka kwa sonara mmoja wa Mji wa Kale ambaye mizani yake hupima dhahabu mpaka sehemu ya mia ya gramu. Sikuhitaji maabara. Nilihitaji mizani hiyo, bilauri ya maji na uzi mwembamba. Unapima jiwe likiwa kavu, kisha unalining'iniza kwa uzi ndani ya maji na kulipima tena. Kubwa kuliko yote lilikuwa gramu 2.16 hewani, na gramu 1.56 majini. Kilichopungua ni 0.60, uzito wa maji ambayo jiwe limeyapisha. Gawanya 2.16 kwa 0.60 unapata 3.6. Chupa ya soda ingekupa kama 2.5, zamaradi kama 2.7. Hiyo 3.6 ni ya kito cha kijani cha jamii ya garneti, ambacho ulimwengu wa vito hukiita tsavoraiti.

Mawe 8 yalitoa hesabu hiyo au karibu yake, ingawa kwa yale madogo mizani ilibabaika. Matatu yalikataa. La kwanza katika hayo lilikuwa gramu 1.84 hewani na 1.24 majini, yaani 3.1. Nilimpa sonara alishike mbele ya dirisha na kuligeuza taratibu. Upande mmoja likawa kijani ya jani la mgomba, upande wa pili ikaiva mpaka kukaribia weusi. Garneti haifanyi hivyo, rangi yake ni ileile utakavyoigeuza. Hilo lilikuwa tomalini, kito cha jamii nyingine.

Mwenyekiti, ambaye alikuja nasi akijifanya anapita tu, akapiga paja. "Si nilisema! Amebadilisha mawe."

Hapana. Katika ukanda huo wa Taita na Kwale tomalini ya kijani na tsavoraiti hutoka ardhi moja, na zote mbili hupata rangi kwa metali za vanadiamu na kromiamu. Anayetaka kukubadilishia jiwe hakupi jingine la thamani kutoka shamba lilelile, hukupa kipande cha chupa. Katika kopo lile hapakuwa na chupa hata moja. Kwa hiyo mpaka hapo nilikuwa na ushahidi wa kumtetea msimamizi, si wa kumshtaki.

Safari ya kwenda huko niliifanya kwa matatu wala si kwa treni, kwa sababu barabara imekatwa vilimani na mawe yanaonekana. Mtu akiwa na macho, kutoka Mombasa mpaka Voi anarudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Kisiwa chenyewe ni matumbawe, yaleyale yaliyojengewa Fort Jesus tangu 1593, na matumbawe haya ya ufuoni ni ya juzi tu, takriban miaka 125,000. Ukivuka kuingia Changamwe unakanyaga mwamba laini wa tope lililoganda zama za dinosau. Halafu mawe ya mchanga ya Mazeras, yale watu wanayotandaza uani. Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru, kila kituo na mwamba wake, na kila mmoja mkubwa kwa umri kuliko uliotangulia, mpaka karibu miaka milioni 300. Baada ya Taru nchi inabadilika. Udongo unakuwa mwekundu, vilima vinasimama peke yake nyikani, na jiwe linalochomoza lina mistari kama ubavu wa punda milia. Hilo ni naisi, jiwe lililopikwa likakunjwa. Sagalla ni hilo, Kasigau yenye mita 1,641 ni hilo, Vuria yenye mita 2,208 ni hilo.

Lakini nasaba ya jiwe la kijani haianzii mlimani. Maji yakipwa hori ya Tudor, shuka mpaka kwenye mikoko utie mguu katika lile tope jeusi linalonuka yai viza. Weusi ule ni viumbe vilivyooza pasipo hewa, na tope la namna hiyo lina tabia ya kunasa metali zilizomo majini, vanadiamu ikiwamo. Sasa liweke jirani na maji ya chumvi yaliyofungiwa yakakauka, mfano wa mashamba ya chumvi ya Gongoni, na kando yake chokaa. Hivyo ndivyo wanajiolojia wanavyoichora Taita kabla haijawa milima: ukingo wa bahari ambayo haipo tena. (Mikoko haikuwapo wakati huo, wala mti wowote wa nchi kavu. Weusi ulikuwa wa mwani na vijidudu.) Takriban miaka milioni 600 iliyopita mabara yalibanana, bahari ile ikafungwa, na tope lake likazikwa kilomita nyingi chini, likapikwa. Mabaki ya viumbe yakawa kinywe, hiki kijiti cheusi cha penseli. Chokaa ikatoa kalsiamu, udongo ukatoa alumini na silika, na humo garneti ikaumbika. Vanadiamu ndiyo iliyoipaka rangi. Kovu la msukosuko huo linapita Msumbiji, Tanzania na Kenya, nalo huitwa Ukanda wa Msumbiji.

Ndiyo maana mchimbaji wa Taita hufuata mwamba mweusi unaochafua viganja, hata kama hajawahi kusikia habari ya tope wala bahari. Pasipo kinywe, hatarajii tsavoraiti.

Jiwe hili halina historia ndefu sokoni. Campbell Bridges, mjiolojia Mskoti, aliliona upande wa Tanzania mwaka 1967, kisha akalifuata mpaka upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jina lilitoka Tsavo, likatangazwa mwaka 1974 na Henry Platt wa kampuni ya Tiffany ya New York. Bridges mwenyewe aliuawa Agosti 2009 na kundi la watu huku huku Taita Taveta, katika mzozo wa haki ya kuchimba. Nilimtajia mweka hazina habari hiyo makusudi. Huku watu wamewahi kufa kwa ajili ya shimo, na neno "mwizi" likitamkwa na mtu aliyeko Kisauni, hufika shimoni kabla ya yeye kufika.

Shimo lenyewe liko nyikani kati ya Mwatate na Kasigau. Mdomo wake ni kama mita moja na nusu kila upande, ngazi ya miti, kapi la kamba, kompresa imefunikwa turubai. Msimamizi alinikaribisha kwa chai ya rangi na hakuonekana kuwa na haraka ya kujitetea. Akanionyesha daftari: tarehe, futi zilizochimbwa, viazi vilivyotoka. Viazi ndivyo wanavyoita vile vidonge vya mwamba vinavyobeba garneti, na kweli vinafanana na viazi vilivyopikwa na ganda lake. Nje ni ganda la kijivu lililogeuka, ndani, ukibahatika, kijani. Usipobahatika, na mara nyingi hubahatiki, ndani ni sukari ya kijani inayomong'onyoka kwa kidole, maana mbano uliouzaa mlima uliivunjavunja garneti papo hapo ilipo. Viazi kumi vinaweza kutoa kipande kimoja kinachofaa kukatwa.

"Bwana, kiazi hakina adabu," msimamizi alisema. "Leo vitatu kwa pamoja, halafu mwezi mzima kimya."

Sikushuka kwanza. Nilikwenda kwenye kifusi. Watu wa mjini wakifika machimboni hukimbilia shimo, na kifusi wanakiona taka. Lakini kifusi ni daftari ambalo hakuna aliyekaa kulibuni. Kilichotoka kwanza kiko chini, kilichotoka mwisho kiko juu, kwa hiyo ni shimo lilelile limepinduliwa. Nilimwomba kijana mmoja akate mfereji ubavuni mwa kifusi kwa beleshi, na kazi hiyo ikachukua asubuhi nzima. Chini kabisa udongo mwekundu. Juu yake mawe meusi yanayong'aa, kinywe tele, na humo maganda ya viazi yaliyovunjwa kwa nyundo. Juu ya hayo, bila mpito wowote wa haja, mawe meupe na kijivu: kwatsi na felspa, safi, hata punje ya kinywe hamna. Nilisugua kiganja, kikabaki kama kilivyokuwa.

Ndipo nikashuka na taa. Kinywe kilianza futi ya 20 na kukoma futi ya 38. Kuanzia hapo mpaka futi 60, futi 22 nzima, wamechimba ndani ya mwamba usiokuwa na sababu ya kuwa na tsavoraiti. Zaidi ya theluthi moja ya shimo. Na ndizo futi za bei kubwa zaidi, maana kadiri unavyoshuka ndivyo baruti, hewa na kamba vinavyokugharimu.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa ukutani, pale kwenye futi ya 30 hivi. Bendi nyeusi haikulala kama godoro. Ilikuwa imekunjwa, mgongo wa mkunjo umenenepa, mbavu zimekuwa nyembamba kama chapati. Viazi vyote vilivyotoka vilikuwa vimekaa mgongoni hapo. Niliweka dira: mgongo ule unaelekea kusini-magharibi na kuinama kwa digrii kama 25. Yaani kwa kila mita 10 unazokwenda mbele, unashuka kama mita 4 na nusu tu. Shimo lao liliutoboa mgongo huo kama sindano inavyotoboa kamba iliyolazwa mshazari, likatokea upande wa pili, likaendelea kushuka peke yake.

Nilirudi Kisauni na kipande cheusi, kipande cheupe na ganda moja la kiazi. Kikao kilikaa barazani kwa mweka hazina. Nikamwomba leso moja, nikaitandaza juu ya meza na kuisukuma kwa viganja viwili mpaka ikatengeneza tuta katikati. Pindo jeusi la leso nikasema ndiyo bendi ya kinywe. Kisha nikamwambia dereva ainue miguu ya meza ya upande mmoja.

"Hili tuta sasa linakwenda wapi?"

"Linateremka huku," alisema mwalimu mstaafu.

Nikachukua kijiti cha mshikaki nikakisimamisha wima juu ya tuta, kikaitoboa leso mpaka mbao. "Na hili ndilo shimo lenu."

Baraza lilinyamaza. Mweka hazina alilalamikia tundu kwenye leso yake, na nadhani hiyo ndiyo dakika aliyoelewa kabla ya wengine.

Sasa, kwa nini watu wazima wachimbe futi 22 za mwamba mtupu? Hapa ndipo kisa kinaponivutia kuliko jiolojia yake. Mwenyekiti ni fundi wa visima. Amechimba visima Kisauni, Mtopanga na Bamburi maisha yake yote, na bei ya kisima hukatwa kwa futi. Kwake ardhi ni kitu chenye maji chini, ukishuka vya kutosha utayakuta, na fundi anayesimama kabla ya maji ni mvivu au mlaghai. Mkataba wa Taita, ambao ulikuwa wa mdomo, aliuweka yeye: vijana walipwe kwa futi ya kushuka. Msimamizi aliniambia, na wanachama wawili wakathibitisha kuwa walisikia simu ile, kwamba karibu na futi ya 40 alipiga kusema mwamba umegeuka. Alijibiwa kuwa kisima hakiachwi njiani.

Kijana anayelipwa kwa futi ya kushuka hawezi kugeuka kufuata mgongo wa mkunjo kwa mshazari. Akigeuka, hana futi ya kudai. Mkataba ulinunua kina, na kina ndicho walichopewa, kwa uaminifu kabisa.

Mwanachama mmoja aliuliza swali zuri: mbona wale wa mchanga wa titani wa Kwale, ambao walichimba tangu 2013 mpaka mgodi ulipofungwa Desemba 2024 na kusafirisha shehena zao kupitia Likoni, walijua kilichomo ardhini kabla hata ya kuanza? Kwa sababu mchanga ule ulitandazwa na maji na upepo, chembe nzito zimesambaa katika matuta makubwa, ukitoboa hapa na pale unaweza kukisia katikati. Kiazi hakikisiki. Mashimo mawili ya kupima yaliyoachana mita 2 yanaweza kukipita kiazi kulia na kushoto. Unachoweza kupima ni nyumba yake tu, ile bendi nyeusi na mkunjo wake, na kupima hiyo kunataka dira na mtu wa kukaa siku mbili juani.

Nimebaki na swali la pili la mweka hazina. Daftari lilisema viazi 31. Maganda niliyokusanya kwenye kifusi na kuyapanga, nikijitahidi nisihesabu kiazi kimoja mara mbili, yalinipa kama 40. Nilimuuliza msimamizi uso kwa uso. "Kiazi kitupu nikiandikie nini?" alijibu, na jibu hilo lina akili, maana maganda mengi kati ya yale hayakuwa hata na doa la kijani. Ila moja lilikuwa nalo. Lilikuwa karibu na juu ya kifusi, katikati ya mawe meupe ambako ganda la kiazi halina asili, na ndani yake mlibaki tundu la ukubwa wa kidole gumba lenye kingo za kijani safi. Labda ni kiazi cha zamani kilichovunjwa baadaye na kutupwa juu. Labda sivyo. Mimi sikuweza kusema kuwa aliiba, na nilikataa kusema kuwa hakuiba. Mwenyekiti hakulipenda jibu hilo. Msimamizi, nilipomweleza kwa simu, alicheka kidogo akauliza kama nimelala vizuri.

Nilichoweza kusema kwa uhakika ni hiki: hata kama lile ganda lilibeba jiwe zuri na jiwe hilo likapotea, hasara yake haifiki robo ya walichokizika katika zile futi 22.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hawakuniuliza. Lile kopo chini ya kitanda. Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali kwa anayenunua na kuuza madini, na kibali cha uchimbaji mdogo ni cha mwenye shimo, si cha kila aliyechangia mafuta ya kompresa. Chama hakikuwa na karatasi yoyote, wala jina lake halikuandikwa popote Taita. Kama msimamizi angekuwa mwizi kweli, wangemshtaki kwa lipi? Niliwashauri vijiwe vipelekwe kwa mfanyabiashara mwenye kibali huko Voi, viuzwe kwa jina la mwenye shimo, wagawane kwa maandishi.

Viliuzwa. Jiwe la gramu 2.16 lilikuwa na nyufa nyingi, likatoa vipande vidogo tu vya kukata, mbali na ndoto za kopo. Cha ajabu ni kwamba tomalini moja ilipata bei nzuri kuliko garneti tatu.

Watu 9 wamejitoa. Watano waliobaki, mweka hazina akiwa mmoja wao, wamekubaliana na msimamizi kuanzia ukutani, futi ya 30, na kufuata mgongo mweusi kuelekea kusini-magharibi. Vijana watalipwa kwa siku, na mtu wa chama atakaa hapo kambini. Mwenyekiti wa zamani amesema watakapofika futi ya kumi watamwita. Kompresa imekodishwa shimo jingine mpaka mvua iishe.

Wakati huo huo kina mama wa kijiji kile wameomba ruhusa ya kuchekecha kifusi. Wanakimwagia maji kwa kopo, wanakaa wakilipa jua mgongo, na kila kokoto inayong'aa kijani wanaitia mdomoni kuisafisha kabla ya kuitazama. Mweka hazina alinipigia wiki iliyopita kuuliza kama kokoto za namna hiyo ni haki ya chama au ni haki ya aliyeziokota. Nilimwambia aliulize daftari la mkataba mpya. Akasema ndiyo kwanza wanaliandika.